Mikebe ya Nyuma

Ugbad alirudi kutoka Wajir asubuhi ya Alhamisi, vumbi la njia bado likiwa kwenye nyusi, na kabla hajavua viatu akaenda nyuma ya nyumba kuangalia maua yake. Mtu mwingine angeomba chai kwanza.

Ua ulikuwa umefagiliwa ukafagilika. Mawaridi ya jangwani yalisimama mistari mistari kama ngamia wanaongoja zamu kisimani, kila moja ndani ya mkebe mpana uliooshwa, shina lake nene limefutwa kwa kitambaa kibichi mpaka likang'aa. Katikati yake alisimama Eddo Maka, dada ya marehemu baba yake, amekamata fimbo aliyokuwa akichungia zamani. Tangu ukame ulipommalizia mifugo akaja kukaa nao hapa Galbet, mjini Garissa, fimbo hiyo ilikuwa ikilala nyuma ya mlango. Ugbad hakuwahi kumwona akiishika.

"Umeona?" Eddo Maka akasema, hata salamu ilimpita. "Kundi la kuuzwa husafishwa kwanza. Mwalimu wako akija Jumamosi hatakuta kilema hata mmoja hapa."

Ugbad akatazama kule ukutani, chini ya kivuli cha mabati, ambako huwa kuna mikebe ya nyuma. Ni mikebe mibaya, yenye kutu, mingine imepasuka pembeni. Haikuwepo. Kulikuwa na ukuta tu.

"Eddo," akauliza polepole, "wale wafupi wako wapi?"

"Wale wagonjwa? Nimewaondoa." Shangazi alijibu kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi anayoijua. "Mnunuzi akiona mmoja amedumaa, atasema kundi zima lina ugonjwa. Mikebe yenyewe imetoboka, nimeipa jirani. Hao wenyewe nikampa Jelle, yule wa mkokoteni wa punda. Nikamwapisha kabisa awatupe mbali, maana maziwa ya mashina yao ni sumu, mbuzi wa watu wasije wakafa tukaanza kesi."

Ugbad hakulia wala hakupiga kelele. Aliitazama ile fimbo, akautazama uso wa shangazi yake, uso ambao kwa miaka mingi ulikuwa umelala kama moto uliofunikwa majivu na leo ulikuwa na mtu ndani yake. Akajisikia akisema:

"Umefanya kazi kubwa, Eddo. Acha nimtafute Jelle, nina neno naye."

Basi, ili mtu aelewe ni nini kilichotupwa, lazima ajue kilikotoka.

Ugbad alisoma mpaka darasa la nane, akabaki nyumbani kumsaidia mama yake. Mwalimu wake wa mwisho alikuwa mama mmoja kutoka Meru, Mwalimu Kathure, aliyefundisha Garissa mpaka nywele zikaingia mvi. Alipostaafu akaenda kufungua kitalu cha maua kandokando ya barabara huko Nairobi. Siku ya kuhama alimwachia Ugbad waridi lake la jangwani, refu, lenye maua mekundu kama damu ya kuchinja, akamwambia: "Haya mekundu watu wanayapenda, lakini yanarefuka kama nguzo ya stima. Watu wangu wanaishi ghorofani, dirisha lenyewe la kuweka mkate na kikombe. Siku ukinipatia jekundu fupi, na watoto wake wawe wafupi vilevile, wasinigeuke nikishawauza, mimi mwenyewe nitakuja kulichukua."

Alisema kama utani. Ugbad aliuchukua kama ahadi.

Fupi alikuwa nalo. Alikuwa ameliokota kwenye mawe nje ya mji, mche wa porini uliotoa maua ukiwa hauzidi birika la chai, majani yamebanana kama watoto kwenye mkeka mmoja. Maua yake yalikuwa meupe yaliyochafuka pinki kidogo, hayana sura. Lakini ulikuwa mfupi kwa kuzaliwa, si kwa njaa. Ugbad aliunywesha maji, akaulisha samadi, akauangalia misimu miwili, nao ukanenepa bila kurefuka.

Akaanza kuyaozesha, jekundu kwa fupi. Ua la waridi la jangwani ni gumu kuozesha, maana unga wake wa chavua umefichwa ndani kooni, chini ya kikofia kidogo. Ugbad alilipasua koo ubavuni kwa wembe, akautoa unga wa lile jekundu kwa ncha ya mswaki uliotafunwa ukawa laini kama brashi, akaupaka ndani ya lile fupi, kisha akalivika ua kipande cha chandarua kuukuu ili wadudu wasiingilie mambo ya ndoa. Eddo Maka alipita siku moja akaona yale maua yamevishwa, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hivi ndivyo tunavyomfunga beberu tumboni kipande cha ngozi asipande kabla ya wakati!"

Mbegu zilipokuja, kwenye maganda mawili mawili yaliyopinda kama pembe za mbuzi, Ugbad aliyafunga kwa uzi yasije yakapasuka na mbegu zikaruka na upepo. Akapanda. Wote wakatoka warefu. Hakutoka hata mmoja mfupi. Ugbad alikaa mbele yao asubuhi nzima akiwatazama, na shangazi ndiye aliyemtoa hapo, bila kujua kuwa ufupi ndio uliotafutwa.

"Wamefuata baba," Eddo Maka akasema akipita na ndoo. "Warudishe kwa mama yao. Hata ngamia ni hivyo. Bibi hajifichi moja kwa moja, hurudi kwa wajukuu."

Ugbad akawarudisha. Na kweli, kwenye uzao uliofuata bibi alirudi. Nusu walikuwa warefu, nusu wafupi, na katika wafupi wachache walikuwa wekundu. Akamwozesha mfupi mwekundu kwa mfupi mwekundu. Watoto wao wote, kila mmoja, wakatoka wafupi. Hao ndio waliokuwa kwenye mikebe ya nyuma, pamoja na wazazi wao na bibi yao wa mawe, wametoa vitumba vya kwanza, na Mwalimu Kathure ameshapigiwa simu.

Sasa kwa nini mali kama hiyo iwekwe kwenye mikebe yenye kutu, nyuma, kivulini? Hilo alifundishwa na shangazi huyo huyo. Enzi za mifugo, Eddo Maka alikuwa na ngamia jike ambaye maziwa yake yalilisha nyumba mbili, na kila mgeni akimuulizia alijibu, "Huyo? Kilema tu huyo, anakula bure." Kitu kizuri hakitangazwi, macho ya watu ni mengi na yana husuda. Kwa hiyo Ugbad aliwaficha wafupi wake kwenye mikebe mibaya, na kila alipoulizwa alisema, "Hao ni wabaya wangu, achana nao." Ukiacha Mwalimu, hakumwambia mtu. Hata shangazi hakumwambia.

Ugbad alimkuta Jelle mtaa wa Waberi, kwenye bomba la maji, punda wake amesinzia huku mitungi ikijazwa. Alikuwa mzee mfupi mwenye ndevu zilizopakwa hina na mdomo usiopumzika.

"Ugbad! Wajir wamekurudisha? Harusi ya ndugu yako Idman ilikuwaje, mmekula ngamia au mmekula maneno?"

"Tumekula vyote. Aw Jelle, mzee wangu, ule mzigo wa shangazi yangu uliutupa wapi?"

"Ile mizizi? Ewe, usinitie wasiwasi. Niliitupa mbali kama nilivyoapishwa. Kule kwenye shimo walilochimba changarawe, nje ya nyumba za mwisho. Mbuzi hawashuki mle, ni ndege korongo tu na harufu."

"Nipeleke."

Jelle akamtazama kwa jicho moja. "Miaka yangu yote watu huniita niwatupie. Leo ndiyo mara ya kwanza naitwa nikatupue."

Lakini alimwaga mitungi kwenye mapipa ya wenyewe, akamgeuza punda, wakaenda. Jua lilikuwa limeshakaza. Njiani mzee alimhurumia akaanza kumliwaza. "Mwanangu, wamekaa juani tangu Jumatatu. Hawana udongo, hawana maji, majani yote yamepukutika, niliyaona kwa macho yangu. Hao wamekufa. Nakwambia mapema usije ukazimia mle shimoni nikakosa pa kukushika."

"Hawajafa."

"Unajuaje?"

"Ngamia akikosa maji siku hizo, anakufa?"

"Mimi nina punda," Jelle akasema, "mambo ya ngamia waulize wenyewe."

Ugbad akacheka. Hakuwa anajipa moyo. Lile shina nene la waridi la jangwani ni tumbo, na alikuwa amelijaza mwenyewe kwa miaka. Kilichomtia wasiwasi ni kitu kimoja tu, na alikiona kabla hawajafika: moshi mwembamba ukipanda kutoka shimoni. Mtu alikuwa amechoma taka.

Akaruka kabla mkokoteni haujasimama. Korongo wale wenye vipara walisogea hatua chache, wakamtazama kama wazee wa baraza waliokatizwa. Moto ulikuwa umekula upande mmoja wa taka na kufia katikati, na wafupi walikuwa wametawanyika pande zote mbili, baadhi kwenye majivu. Hao aliwaokota kwanza. Aliwabonyeza kwa kidole gumba mmoja mmoja, na waliolegea kama nyanya zilizooza aliwaweka kando bila kuwatazama mara mbili. Hiyo aliihesabu ni hasara na akaendelea.

Waliobaki walikuwa wamekunjamana ngozi, vipara, mizizi juu. Lakini walikuwa wagumu. Aliwapanga kwenye gunia na kila mmoja alimjua: huyu shingo yake imepinda kushoto, huyu ana kovu la wembe, hawa wawili ni wa ganda moja. Jelle alisimama ukingoni akishika pua kwa kilemba, halafu akaita:

"Na yule pale? Yule anayecheka?"

Chini ya matawi ya miiba, mfupi mmoja alikuwa amelala kichwa chini miguu juu, hana hata jani. Na alikuwa amefungua ua. Moja tu, jekundu kabisa, limegeuka lenyewe kulitafuta jua.

"Subhanallah," Jelle akasema, akaiachia pua yake.

Bibi wa mawe alipatikana mwisho, amebanwa na tairi bovu. Ubavu mmoja ulikuwa umebabuka kwa joto. Pembe zake mbili za mbegu zilikuwa bado juu, na uzi wa Ugbad bado umezifunga. Hapo ndipo Ugbad alipokaa chini, katikati ya taka, akapumua.

Eddo Maka alikuwa kizingitini waliporudi. Aliona gunia, akaona kilichomo, na kwa kuwa hakuwa mjinga, uso ulianza kumshuka kabla mtu hajasema neno.

"Umewarudisha wagonjwa," akasema.

Ugbad angeweza kudanganya. Alifikiri kusema ni wa Jelle, ni wa dawa ya kupe, chochote. Lakini Jumamosi ingemuumbua, na shangazi alistahili kuambiwa na mtu wake kuliko kuona mbele ya mgeni. Akaketi karibu naye.

"Eddo, hawa si wagonjwa. Hawa ndio kundi. Wale warefu uliowaosha ndio mabaki."

Eddo Maka akaegemeza fimbo ukutani, polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Lakini ulisema ni wabaya."

"Na wewe yule ngamia wako ulisema ni kilema."

"Yule alikuwa na maziwa ya kufurika! Kila mwenye macho aliona nasema uongo!" Sauti ilimpanda. "Hawa niliwatazama, Ugbad. Wafupi, wamebanana, hawakui. Nikasema, basi huyu mtoto kwa mara ya kwanza amesema kweli." Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Nimekutupia mifugo yako. Mimi, ninayejua uchungu wa kupotelewa."

"Hukunitupia. Umewapeleka malishoni, wamerudi wamekonda." Ugbad akaufungua mdomo wa gunia. "Mimi ndiye niliyenyamaza kupita kiasi. Tazama sasa, nakwambia yote. Huyu ni bibi. Hawa wajukuu wake, na hawa ni vitukuu. Na Mwalimu anawataka hivihivi walivyo, wadogo kama vibirika."

"Wafupi anawataka? Kwa makusudi?"

"Watu wa Nairobi wanaishi kwenye masanduku, Eddo. Wanataka ua la kutosha sanduku."

Eddo Maka alimtazama kuona kama ni mzaha. Kisha akamchukua bibi wa mawe mikononi, akampapasa ubavu uliobabuka kama anavyopapasa mtu kiwele, akanusa kidonda. "Huyu asinyweshwe leo," akasema. "Aliyekauka hivi ukimpa maji yote anaoza kwa ndani. Kivuli kwanza, kidonda kikauke." Na akainuka kutafuta kivuli yeye mwenyewe. Ile fimbo aliichukua tena.

Ijumaa usiku mama yake Ugbad alishauri wapandwe upesi kwenye mikebe ile mipana, mgeni asije akakuta vitu vimelala kwenye gunia kama viazi. Ugbad alifikiri kidogo, akakataa. Mizizi ilikuwa bado na vidonda. Na isitoshe, kitu alichokiona shimoni alitaka Mwalimu akione vilevile alivyokiona yeye.

Mwalimu Kathure alifika Jumamosi asubuhi kwa pikapu, mnene kidogo kuliko zamani, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ileile. Alimkumbatia Ugbad, akamsalimu Eddo Maka kwa Kisomali kibovu, naye akajibiwa kwa Kiswahili kibovu, wote wakaridhika.

Akaenda kwenye mistari ya warefu. Alizunguka, akainama, akanyooka. "Wazuri. Wamenenepa. Lakini Ugbad, hawa ninao."

"Najua, Mwalimu. Hao ni wa kupamba ua. Njoo huku."

Akamfunulia gunia.

Mwalimu alirudi nyuma hatua moja. "Umewang'oa? Nimetoka Nairobi njia yote hii nije nione maiti?"

"Chukua mmoja."

Alichukua yule mwenye ua. Lilikuwa bado limefunguka, na vitumba viwili zaidi vilikuwa vimevimba tangu Alhamisi. Mwalimu akavaa miwani.

"Huyu alitupwa jalalani juani tangu Jumatatu," Ugbad akasema, wala hakusema alitupwa na nani. "Hana udongo wala hajaonja tone. Ua hilo alilifungulia huko huko."

"Na hawa wengine, watatoa rangi hii?"

"Hawa wa mkono wa kulia, ndiyo. Baba mfupi mwekundu, mama mfupi mwekundu. Nimewaotesha wote, sikuchagua. Tafuta mrefu humo, Mwalimu. Ukimpata mmoja, rudi na gari tupu."

Mwalimu Kathure alikuwa mwalimu. Alichutama, akawapanga kwa kimo juu ya gunia, akawapanga tena, akapima viungo vya shina kwa kidole, kule majani yalipotoka, kama anayesahihisha mtihani wa mtoto anayemshuku amenakili. Ugbad alimwacha. Miaka yote hii alikuwa amejifunza kungoja kitu kikue, na kungoja huku kulikuwa kudogo kuliko kote.

Hatimaye Mwalimu akaketi kabisa chini, akacheka peke yake.

"Unajua kinachoniua katika biashara hii? Udongo. Nusu ya gari ni udongo, na mche ukitikisika njiani unafika umekufa. Hawa nitawatia kwenye katoni kama mayai!" Akamwinua mwenye ua juu, usawa wa macho, na sauti ikamtoka mpaka majirani wakasikia: "Jamani, uzuri gani huu! Mtoto wangu, sijaona kitu kizuri namna hii! Tazameni!"

Eddo Maka alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akaingia jikoni mbio, akatoka na kidole kimejaa masizi, akapita katikati yao na kumpaka yule mfupi alama nyeusi shingoni, kinga ya kijicho. Halafu akamgeukia Mwalimu Kathure, akampa macho makavu, na kwa Kiswahili chake, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ukuta, akasema:

"Hii? Hii mbaya sana. Hii gonjwa. Kilema! Chukua tu, peleka mbali, mimi hapana taka kuona."

Ugbad alimtazama shangazi yake. Pembe za mdomo wa mwanamke yule zilikuwa zinatetemeka kwa kuzuia kicheko, na ngumi yake imeikaza fimbo kwa fahari.

Mwalimu Kathure alitazama alama ya masizi, akamtazama Eddo Maka, akaanza kupanga miche kwenye katoni.

"Mama Maka," akasema, "mimi nimekaa Garissa miaka mingi. Kama ni mbaya kiasi hicho, nipe yote."

"Isipokuwa bibi," Ugbad akasema, akamchukua yule wa mawe na pembe zake zilizofungwa uzi, akampeleka kivulini. "Huyu mbaya kuliko wote. Huyu habanduki hapa."